Kinanda Alichoniachia

Kinanda kilinishinda tukiwa Nyarugusu, kwenye mazishi ya mchimbaji aliyeangukiwa na duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Tulikuwa kwenye ubeti wa mwisho, jeneza limeshainuliwa. Nilibonyeza do ya katikati, nikaondoa kidole, lakini sauti ikakataa kunyamaza. Ikaendelea kulia juu ya vichwa vya watu, kwaya ikayumba, na mjane aliyekuwa ameshikiliwa na wanawake wawili akageuka kunitazama. Nilichomoa waya. Waimbaji wakamalizia wimbo kwa sauti zao tu, na karasha za kusaga mawe upande wa pili wa barabara, ambazo hazikuwa zimesimama kwa ajili ya msiba wetu, zikasikika vizuri sana.

Tukiwa kwenye gari la kurudi Geita, mwenyekiti wa kwaya alikaa karibu nami. Ni mtu mpole, hapendi kumuumiza mtu.

"Dada, tunajua kile kinanda ni cha nani," alisema. "Lakini kimechoka."

Kila mtu kanisani alijua ni cha nani. Kilikuwa cha mume wangu.

Mume wangu alikuwa mchimbaji siku za kazi na mpiga kinanda siku ya Bwana. Alikinunua kabla hatujaoana, kikiwa kimeshatumika. Ni vile vinanda vyenye bendi nzima ndani yake: mkono wa kushoto unashika kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na chenyewe kinakuletea ngoma, besi na gitaa. Kilikuja na midundo mingi ya kiwandani, na hakuna hata mmoja alioupenda. Alisema yote inapigwa na watu wasiokuwa na mahali pa kwenda. Basi masika moja, maji yalipojaa maduarani na kazi ikasimama, aliketi sebuleni akatengeneza mdundo wake mwenyewe. Alikuwa anaupiga kwa vidole viwili, anausikiliza, anaufuta, anaanza upya. Mimi nilikuwa napika huku nasikia pigo lilelile mpaka nikawa nakata vitunguu kwa kulifuata.

"Huu ni mchi wa mama," aliniambia siku alipoumaliza. "Hivi ndivyo alivyokuwa anatwanga, nikiwa mdogo."

Ulikuwa mdundo wa taratibu, wenye pigo moja zito lililochelewa kidogo kila mara, kana kwamba mtu amepumua kwanza. Aliuhifadhi kwenye kumbukumbu ya kinanda, na tangu hapo hakutumia mwingine kwa nyimbo za ibada. Jioni alinifundisha kupiga. Alikuwa anasimama nyuma yangu akiniwekea mikono yake mikavu, iliyopasuka kwa mwamba, juu ya yangu.

Alifariki duarani. Matimba, zile nguzo zinazozuia udongo, yaliachia upande mmoja, na watu watatu wakafunikwa. Wawili walitolewa wakiwa hai. Sitasema zaidi ya hapo.

Mungu hakuwa ametujalia mtoto. Baada ya matanga, ndugu zangu wa Kigoma walinitaka nirudi nyumbani, lakini mama mkwe alikuwa tayari anaishi nasi Geita, na sikuona namna ya kumwacha kwenye nyumba ile peke yake. Nikabaki. Kanisani hapakuwa na mtu mwingine wa kupiga kinanda, wakaniomba nijaribu. Jumapili ya kwanza niliketi kwenye kiti chake, nikabonyeza palipohifadhiwa mdundo wake, na yeye akaanza kupiga. Ndivyo nilivyosikia: yeye anapiga, mimi namfuata. Mama mkwe aliyekuwa amekaa karibu na mlango alijifunika kanga usoni, akatoka nje. Nilimkuta baadaye ameegemea ukuta, macho yamemvimba. Nikajua amemsikia mwanawe. Nikajiwekea nadhiri moyoni kwamba nikiwa hai hatakosa kuusikia mdundo ule.

Miaka ikapita hivyo. Nilikuwa naupiga ibadani, misibani, hata nyumbani nikifanya mazoezi, na mama kila mara alikuwa anaketi mlangoni, na mara nyingi hakumaliza ibada. Sikumuuliza. Mambo mengine mkwe haulizwi.

Fundi wa redio niliyempelekea kinanda baada ya yale ya Nyarugusu alikifungua, akapuliza vumbi jekundu, akanionyesha mipira ya chini ya vibonye jinsi ilivyokatika.

"Hii naweza kubahatisha," alisema. "Lakini bodi yenyewe inaoza. Siku moja utaiwasha isiwake, na vilivyomo ndani viondoke nayo. Kama kuna kitu chako humo, kitoe mapema."

Alinitolea mdundo, akauweka kwenye flashi ndogo, akanikabidhi. Niliifunga kwenye pindo la kanga. Nilikumbuka uzito wa jeneza la mume wangu, na kile kitu hakikuwa na uzito wowote.

Kwaya ilikubaliana kuchangia kinanda kipya, ila wakaniachia mimi niamue. Hilo ndilo lililonisumbua. Wangeniamuru ningelia, kisha ningetii. Mama mkwe alikuwa ameenda kijijini kwao, karibu na Kagongwa, kumsaidia mdogo wake kukata viazi vya michembe, vile vipande vinavyoanikwa vikauke. Niliona nipitie kwanza Kahama, kwenye duka la vyombo vya muziki, kisha niende kumchukua mama.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. Alinikalisha mbele ya kinanda kipya, akakiwasha, kioo kikubwa kikawaka rangi.

"Mama, shika kodi yoyote halafu usikilize."

Nilishika. Violini zilipumua. Besi ilipita chini ya miguu yangu kwenye sakafu. Vibonye vilikuwa laini na vizito kiasi, vinakujibu kulingana na unavyovigusa, si kama vyangu ambavyo miaka yote nimevipiga kama mtu anayegonga mlango. Nilipiga wimbo mzima. Nilipiga na wa pili. Nilipomaliza nikagundua natabasamu, na tabasamu lile likanitia aibu. Nilijihisi kama mwanamke aliyekutwa sokoni anacheka kabla hajaondoa arobaini.

Nikatoa flashi. "Humu kuna mdundo. Kitausoma?"

"Kitausoma. Ni kampuni moja."

Kikausoma. Mdundo ukaanza kupiga, na mwili wangu ukasisimka, halafu ukapoa. Ngoma ilikuwa imegeuka kitu kikavu kama makofi. Gitaa lilisikika kama kengele. Kijana alihangaika na vitufe, akabadilisha hiki na kile, mpaka ngoma ikawa ngoma tena, nzito na nzuri kuliko ile ya zamani.

"Sasa je?"

Lile pigo la kuchelewa lilikuwepo palepale. Kule kupumua kulikuwepo. Lakini ilikuwa kama kumwona mume wangu kwa mbali amevaa suti ya mtu, anatembea mwendo wake uleule, na ukimwita hageuki.

"Ni mzuri," nilimwambia. "Nitarudi."

Kahama hadi Kagongwa si mbali. Nilimkuta mama uani na mdogo wake, wamezungukwa na viazi vilivyomenywa, visu vinakwenda haraka. Nilipiga goti nikamsalimu, "Shikamoo mama," akanijibu na kunisogezea kigoda. Nilichukua kisu nami nikaanza kukata. Mdogo wake alipoinuka kwenda kuanika vilivyojaa kwenye ungo, nikaona ndio wakati.

Nilimweleza yote: Nyarugusu, fundi, duka. Nilimweleza kwamba kipya kinaweza kuubeba mdundo lakini sauti haiwi ileile. "Kwa hiyo mama, nimeona nisibadilishe," nilisema. "Nitambembeleza fundi akishikilie shikilie. Sitaki ukose kumsikia mwanao."

Alikata viazi viwili vizima. Mama Kiswahili anakijua, lakini mambo ya moyoni huyasema kwa Kisukuma, nami nilishakisikia vya kutosha kumfuata.

"Mwanangu," alisema, "mimi sitaki kuusikia."

Nilidhani sijaelewa. Akarudia, safari hii kwa Kiswahili. "Sitaki. Kila mkianza kuimba, ule mdundo unanitoa nje. Nimevumilia kwa ajili yako. Nilijiambia, huyu mtoto ameachwa mikono mitupu, kilichobaki kwake ni hicho. Nitamnyang'anyaje?"

"Lakini mama, mimi nilikuwa naupiga kwa ajili yako."

Tulitazamana. Nadhani tungeweza kucheka, na pengine tulikaribia, ila mama akaweka kisu chini.

"Alikwambia ni nini, ule?"

"Alisema ni mchi wako. Jinsi ulivyokuwa unatwanga."

Akatikisa kichwa. "Si mchi. Alipokuwa mdogo alikuwa anaugua kifua. Alikuwa hawezi kulala chali, anakosa pumzi. Nilikuwa namlaza hapa." Akagusa bega lake la kushoto. "Nampigapiga mgongoni. Nampiga, nangoja nisikie kama amevuta pumzi. Akivuta, nampiga tena."

Akaanza kupiga paja lake kwa kiganja kilicholowa maji ya viazi. Taratibu, taratibu zaidi kuliko kwenye kinanda. Pigo, kisha kungoja, kisha pigo. Pale kwenye kungoja aliinamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza.

"Alikuwa mdogo, hawezi kukumbuka," alisema. "Akachanganya na mchi. Lakini mimi nikiusikia mdundo ule mbele za watu, mkono wangu unamtafuta. Na siku ile kule chini ya udongo, pumzi ilimkosa na mimi sikuwepo kumpiga mgongo."

Hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza mbele yake tangu matanga. Miaka yote tulikuwa tunaliliana kwenye vyumba tofauti. Mdogo wake alirudi na ungo mtupu, akatuona, akauweka chini pole pole na kurudi alikotoka.

"Mayu," nilimwita mama kwa lugha yake, "nisamehe."

"Hujanikosea. Nenda kachukue hicho kipya. Na humo usimtie."

Tulikinunua mwezi uliofuata. Muuzaji wa Kahama alitaka kile cha zamani akichukue kama sehemu ya malipo, nikakataa. Nilikisafisha, nikakifunga kwa kitenge, kiko juu ya kabati chumbani kwangu. Mwanzoni, mama akiwa sokoni, nilikuwa nakiteremsha na kukiwasha, nasikiliza kidogo, nazima. Sasa ni muda mrefu sijafanya hivyo. Sijui kama bado kinawaka. Kuna siku naona ni uoga, kuna siku naona ni mapumziko.

Nisidanganye kwamba yote yalikwisha vizuri. Kinanda kipya kilinipa tabu. Nilikuwa nimezoea kumfuata mtu, na sasa hapakuwa na wa kumfuata. Jumapili ya kwanza nilichagua mdundo wa polepole wa kiwandani, katikati ya wimbo nikauona unatukimbiza, nikauzima kabisa. Nikabaki na mikono yangu miwili na kwaya. Ilibidi niwasikilize waimbaji wanavuta pumzi wapi ili nijue niingie lini. Mwenyekiti alinitazama kwa wasiwasi, kisha akafumba macho akaendelea kuimba.

Tangu hapo kwenye nyimbo za msiba situmii ngoma. Watu wengine hawapendi. Wanasema tumechangia kitu kizima kinatumika nusu. Wana haki ya kusema.

Ibada ya Jumapili ile ya kwanza ilipoisha nilimtafuta mama mlangoni, mahali pake pa siku zote, sikumwona. Nikatoka nje kuangalia ukutani, hayupo. Nilimkuta ndani, safu ya tatu kutoka mbele, bado amekaa, anavaa viatu vyake ambavyo alikuwa amevivua kama mtu aliye nyumbani.

Tulipofika kwenye mteremko wa kuelekea kwetu, alinishika mkono kama kawaida yake.

"Ule wimbo wa pili," alisema, "kumbe una maneno marefu hivyo?"

"Ndiyo mama. Tunauimba miaka yote."

"Sikuwahi kuyasikia," alisema. "Tukifika nyumbani uniimbie tena, pole pole, niyashike."