Kopo la Kumi na Moja

Mjini Kindu nilijulikana kwa jambo moja: hakuna aliyeniuzia kitu kwa bei yake ya kwanza. Chenji nilihesabu mara mbili. Hata mwenye mtumbwi wa kuvuka mto kwenda Alunguli nilipatana naye. Kwa hiyo pale depo, ghala la magunia tulipofanya kazi, mtu akipewa karatasi na ofisi, aliniletea mimi kwanza.

Mpima mizani wetu, niliyemwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa kunizidi umri, alileta yake asubuhi moja. Walitaka kumfanya mkuu wa ghala. Nikatazama jedwali la kodi: mshahara mpya ulimvusha hadi ngazi ya pili, yenye kodi kali zaidi. Nikaupigia mshahara wote hesabu ya kodi hiyo. Nikarudia. Ikatoka ileile.

"Yaya, hawa wanakucheza. Cheo kitapanda, mufuko utashuka."

"Na watoto wangu saba? Si wanapunguza kodi? Weye kapera njo wanakukata sana."

"Wanapunguza, lakini hawatoshi."

"Haya, mudogo wangu. Weye njo mwenye kujua hesabu."

Akaenda kukataa. Cheo akapewa mtu wa mtaa wa Mikelenge asiyeweza kupunguza bei hata ya ndizi.

Mwisho wa mwezi huyo wa Mikelenge akanionyesha malipo yake, akifurahi. Yalizidi ya yaya, tena kwa mbali, naye alikuwa na mtoto mmoja tu. Nikakimbilia ofisini kwa mama mhasibu, nikamweleza hesabu yangu.

"Sitwayeni," akaniuliza, "umenunua makopo kumi ya mchele. La kumi na moja likipanda bei, yale kumi utayalipa upya?"

"Hapana, mama."

"Basi. Kodi ya ngazi ya pili inakula kile kilichozidi tu."

Mimi, wa sokoni, nilihitaji kufundishwa mchele. Nilikuwa nimehesabu kosa mara mbili.

Wakati huo mke wa yaya alikuwa akiniletea sahani ya wali kila Ijumaa, shukrani kwa kuokoa mshahara wa mume wake. Ijumaa tatu nilikula, nikanyamaza. Ya nne nilimfuata yaya kwenye mizani, nikamwambia yote.

Alipanga mawe ya kupimia, moja moja, kana kwamba kuna gunia.

"Nafasi haiko tena?"

"Haiko, yaya."

"Usimwambie mama watoto. Anakuheshimu."

Ijumaa iliyofuata sahani ilikuja, imejaa kuliko zote. Nikaimaliza.