Bi Spiriti na Bakteria wa Fundi Cherehani

Saa mbili asubuhi, muuguzi ameinamia mguu wa fundi cherehani. Anabandua bendeji taratibu, akiilowesha kwa maji ya chumvi kila inapong'ang'ania. Fundi anatazama ukutani.

"Baba, ukiumia sema."

"Nikisema utaacha?"

"Siachi. Ila nitajua."

Wanacheka wote wawili.

Katika chumba hiki cha vidonda, wagonjwa humwita muuguzi huyu Bi Spiriti. Kwa miaka ishirini na sita amepangusa kila kitu kwa spiriti, dawa ya kuua vijidudu: meza, kitasa, hata kalamu ya daktari. "Kwangu mdudu ni mdudu," anasema. "Nilifundishwa kuua, nikaua."

Ndiyo maana utafiti ulipoletwa mwaka jana, aliguna. Wataalamu walitaka kuchukua bakteria wema wanaoishi kwenye ngozi ya mgonjwa isiyo na kidonda, wawakuze maabara, kisha wawapake kwenye kidonda wakiwa ndani ya mafuta laini. Huko wangewabana bakteria wabaya na kuisaidia ngozi kujijenga. Kwake ilikuwa sawa na kumwajiri mwizi alinde duka.

Fundi hakuwa na nafasi ya kuguna. Kidonda kilikuwa na miaka saba, dawa zote zimeshindwa, na daktari alishataja kukata mguu. Tena ni ule wa kulia, anaokanyagia cherehani. "Bora mnikate ulimi," alimwambia daktari.

Wiki tatu za kupakwa mafuta zikapita. Vidonda vya wenzake vikaanza kusinyaa, chake kikabaki sentimita tano vilevile. Wataalamu wakataka kumwondoa kwenye utafiti.

Muuguzi akakaa na daftari, akapitia hatua zote moja moja, akamkuta mkosaji: yeye mwenyewe. Kila alipomaliza kumpaka fundi mafuta, mkono wake ulichukua pamba na kupangusa pembezoni mwa kidonda kwa spiriti. Wagonjwa wengine walihudumiwa na mwenzake wa zamu. Fundi alikuwa wake.

"Mazoea yana taabu," anasema, akifuta macho kwa kiwiko kwa kuwa amevaa glavu. "Nawapanda bakteria wema, halafu nawaua. Nilimpenda kama baba yangu, ndiyo maana nikamsafisha kuliko wote."

Alimwendea fundi, akakiri.

"Mwanangu," fundi akasema, "mimi nimewahi kushona suruali ya bwana harusi, mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Nilifumua nikashona upya. Na wewe fumua."

Muuguzi akawaomba wataalamu wampe fundi nafasi ya pili. Wakakubali. Leo ni wiki ya tisa tangu waanze upya, na rula inasoma sentimita moja na nusu. Daktari amefuta tarehe ya upasuaji, ingawa anaonya kwamba safari bado ni ndefu.

"Naweza kukanyaga?" fundi anauliza.

"Bado."

"Hata kidogo?"

"Baba!"

Muuguzi anastaafu mwakani. Hataki sherehe wala zawadi. Kitambaa ameshanunua, na gauni la kuagia kazi amemwagiza fundi.

"Nimemwambia sina haraka," anasema. "Lakini asimpe mtu mwingine amkanyagie cherehani."