Mama Mkwe na Gari Refu

Mke wangu huliita gari langu mke mwenza, na sijawahi kupata hoja ya kumpinga. Linakaa uani kwetu, linakula kuliko watoto, likiugua nyumba nzima inajua, na Jumapili wenzangu wakiwa kanisani mimi niko chini yake nimelala chali. Nililinunua mnadani likiwa chakavu, gari la zamani la safari za porini, la mraba, lenye milango isiyofunga mpaka uibamize. Mtu mwenye akili angelitengeneza litembee akaishia hapo. Mimi nilianza kulipamba.

Anayenisaidia katika upotovu huu ni rafiki yangu, fundi wa kuchomelea vyuma kule mtaa wa Mtendeni, Mwislamu wa ukoo uliokaa Tabora tangu enzi za misafara. Babu zake walikuja na bidhaa. Babu zangu, Wanyamwezi, walizibeba bidhaa hizo kichwani kutoka pwani. Leo mimi namlipa yeye aniungie bampa, kwa hiyo mpangilio haujabadilika sana. Mimi humkumbusha hivyo kila anapotaja bei, naye hunijibu kwamba babu zangu angalau walikuwa wanafika walikokuwa wanakwenda.

Pamoja tuliliinua gari lile. Tuliweka springi ndefu, kisha vipande vya chuma juu ya springi, kisha matairi makubwa ya matopeni. Tulifunga winchi ya kujivutia mbele, taa juu ya keria, na bomba la kupumulia linalopanda ubavuni hadi usawa wa paa, ili injini ipate hewa hata kama sisi tunakunywa maji. Kuingia ndani ilibidi ushike nguzo ya mlango, utangulize goti, halafu ujirushe. Tuliona fahari. Jumamosi tulikuwa tunatoka kuifuata njia ya misafara kuelekea magharibi. Siku hizi njia hiyo hapa ni barabara, pale ni shamba la tumbaku, na kwingine ni njia ya ng'ombe tu. Hayo tuliyaona siku tulizofika mbali. Mara ya kwanza kabisa tulikwama kijiji cha Ntalikwa, mahali ambapo watu hupita kwa baiskeli wakiwa na tenga la kuku nyuma, na waliotusukuma walikuwa wanakwaya wenye majoho.

Sasa, mama mkwe wangu anaishi kijiji kimoja huko huko magharibi, ng'ambo ya mbuga, bonde tambarare linalojaa maji wakati wa mvua, na wakati huo alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Watu aliwatambua kwa sauti. Alikuwa bado anapika, lakini mara mbili alikuwa ameshika sufuria pasipofaa, na mikono yake ilionyesha. Msimu wa mvua ukiwa umekolea, mjini wakaja madaktari wa macho kwa wiki moja tu. Mke wangu akamwandikisha mama yake. Mvua nayo ikaja kwa fujo, kivuko cha mbugani kikafunikwa, basi likaacha kwenda, na waendesha bodaboda wakasema wao wana watoto.

Ijumaa, siku ya mwisho, mke wangu alikuwa hospitali tangu alfajiri. Alikuwa ametandika khanga yake kwenye benchi kushika nafasi ya mama yake, na yeyote aliyeigusa alijuta. Akanipigia simu.

"Miaka yote hii unaniambia gari hilo linapita popote," akasema. "Leo ndiyo hiyo popote yenyewe. Wanafunga alasiri. Mama asipofika, hilo gari usilirudishe nyumbani kwangu."

Nilimpitia fundi tukaondoka. Nisimame hapa kidogo nijisifu, maana nafasi hizi ni chache. Tulipofika mbugani maji yalikuwa yamezagaa pande zote, na ng'ambo tuliona vigingi vya daraja visivyo na daraja. Niliingiza gia nzito nikaingia. Maji yalipanda juu ya bampa, yakaingia mlangoni, yakatulowesha miguu, na gari likaendelea kunguruma bila kukohoa hata mara moja. Tulipotoka upande wa pili tulipiga kelele hadi kuku wa kijiji wakatawanyika. Nilijiona mtu wa maana sana.

Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Hampi mkono, hakai naye mkeka mmoja, na wakikutana njiani kila mmoja hutazama pembeni. Vijana wa mjini wanasema hayo yamepitwa na wakati, lakini waambie wakayasemee uani kwa mama mkwe wangu. Kwa hiyo nilichuchumaa mbali, nikageuza uso, nikamwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia akiwa amejifunika khanga. Alikuwa tayari, na furushi lake miguuni.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na nililifanya kwa adabu zote. Nilimwelekea fundi, nikasema, "Mama, huyu ni ndugu yangu. Tumekuja pamoja."

Mtu mwingine angesema nini? Hivyo ndivyo tunavyowatambulisha watu. Mama mkwe akapiga makofi taratibu kumkaribisha, na papo hapo akavuta khanga kuficha uso upande wa fundi pia, kama anavyonifanyia mimi.

Tukasogeza gari mlangoni. Shemeji yangu, mke wa mwanawe ambaye hakuwepo siku hiyo, naye akiwa na mimba kubwa, akamshika mkono akamleta. Mama mkwe akanyoosha mkono kutafuta kiti cha gari, akagusa tairi. Akapandisha mkono, bado tairi. Akapandisha tena, akagusa chini ya mlango, usawa wa kifua chake.

"Hii ni nyumba ya ghorofa?" akauliza.

Tulileta kigoda. Shemeji akamwegemeza, mguu mmoja wa kigoda ukadidimia kwenye tope, na wote wawili nusura waanguke. Shemeji akashika tumbo. Tulileta kinu tukakigeuza, mama mkwe akakataa kukanyaga kinu chake mwenyewe, na alikuwa na haki. Magoti yake hayakunjiki, miguu haioni inapotua. Ilitakiwa mtu mwenye nguvu amkumbatie kiunoni amweke ndani, na wenye nguvu uani pale tulikuwa wawili tu.

Fundi akakunja mikono ya shati. "Mama, mimi ngoja nikusaidie. Mimi si mkwe wako."

"Si nduguye?" mama mkwe akasema kutoka ndani ya khanga.

"Ni rafiki yake tu, mama."

"Mwenzio amesema ndugu. Kama ni ndugu wa mkwe wangu, wewe ni mkwe wangu. Rudi huko."

Akarudi. Alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mtu anayemkana ndugu yake mbele ya wakwe.

Mama mkwe aliondoa mkono kwenye tairi. Kisha akamwambia shemeji, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nirudishe ndani. Nimeona vya kutosha duniani. Waambie asante kwa safari."

Nilipata uchungu ambao sikuutarajia. Nilimwona akipapasa ukuta kurudi jikoni, kwenye zile sufuria, na nikalichukia gari langu kwa mara ya kwanza, springi zake zote na taa zake zote. Tulikuwa tumelipandisha juu mno kwa mtu pekee aliyekuwa akilihitaji.

Pembeni ya ua kulikuwa na majaruba ya mpunga, maji yamejaa, yamezungushiwa matuta marefu ya udongo. Nikamwambia fundi, "Tunaliingiza mle."

"Kwenye jaruba? Litazama."

"Ndiyo. Lizame mpaka mlango uwe sawa na tuta."

Fundi, mtu aliyechomelea kila kipande cha chuma kilicholiinua gari lile, alilitazama jaruba. Kisha akasema, "Mzee baba, wewe ni mgonjwa," akaenda kushika koleo kusafisha tuta.

Katika maisha yake yote gari lile halijawahi kufanya kazi kwa ukamilifu kama siku hiyo. Liliingia jarubani, likateleza, likadidimia taratibu hadi matairi yakapotea. Shemeji akamwongoza mama mkwe juu ya tuta. Akapapasa, akakuta kiti kiko usawa wa goti, akakaa kama anakaa mekoni kwake. Shemeji akaingia naye kwa mlango huo huo, maana lazima awepo wa kumshika. Mimi nikatazama mbele, kioo cha kuangalia nyuma nikakigeuza juu.

"Mpunga huu mliokanyaga," mama mkwe akasema, "ni wangu."

Kutoka ilikuwa jambo jingine. Tulifunga waya wa winchi kwenye mti, winchi ikavuta kwa nguvu zote, na mti ukaja. Jirani aliyekuwa akilima na maksai wake, naye pia mkwe wa ukoo ule, na ambaye alikuwa ameegemea jembe akitutazama tangu mwanzo bila kupoteza hata tukio moja, akaja bila kuitwa, akafunga mnyororo kwenye ile bampa yangu. Maksai hawakutaka. Mama mkwe akafungua dirisha akawaita kwa majina, mmoja mmoja, kwa Kinyamwezi, kwa matusi ambayo mkwe hapaswi kuyasikia. Wakavuta, tukatoka, tukarudi kwa njia ile ile ya majini.

Tulifika hospitali madaktari wakiwa bado wanafanya kazi, na mke wangu akigombana na mlinzi juu ya khanga. Nilirudi kinyumenyume hadi kwenye baraza refu la nyuma, na mama mkwe akatoka ndani ya gari akitembea. Mke wangu aliyatazama matope, akatazama vipande vya mpunga vilivyonasa kwenye keria, akamchukua mama yake akaondoka naye. Jioni aliniletea chai mwenyewe. Upasuaji ulikwenda vizuri. Nilifurahi hadi nikaona haya, nikatoka nje nikajifanya nakagua springi.

Kesho yake nilimwambia fundi tulishushe gari. Alilalamika kama mtu anayeambiwa abomoe nyumba yake, lakini alitoa vile vipande vya chuma na lile bomba la kupumulia, akarudisha springi fupi, akaweka na kikanyagio. Wenzetu wa Jumamosi walicheka sana. Waliniuliza kama sasa nasafirisha maharusi.

Macho yalipopona mimi na fundi tulimrudisha nyumbani. Alipanda mwenyewe, kwa mguu wake, akakaa nyuma na furushi mapajani. Njia nzima alitazama nje. Aliuliza mashamba ni ya nani, na nani aliyekata miti ile, akakasirika. Tukafika mbugani. Maji yalikuwa yamepungua, ila bado yapo.

"Baba," akasema, "siku ile ulipita hapa?"

"Hapa hapa, mama. Na maji yalikuwa mengi kuliko leo."

"Nikiwa ndani?"

"Ukiwa ndani."

Akakaza fundo la furushi. Kisha akasema nisimamishe. Alishuka, akavua ndala, akajitwika furushi, akakunja khanga yake hadi magotini, akaingia majini akitazama chini, akichagua kila mahali pa kutia mguu. Sisi tukaingia nyuma yake. Katikati, gari langu lililoshushwa kwa ajili yake likameza maji, likakohoa, likazimika. Fundi akasema maneno ambayo sitayaandika.

Mama mkwe alitokea upande wa pili. Akageuka, furushi kichwani, maji yakimchuruzika miguuni. Kwa desturi alipaswa kutazama pembeni. Alinitazama usoni, moja kwa moja, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma, kisha akacheka hadi ikabidi aushike mzigo.