Rangi Nyekundu Mlangoni kwa Imomdod

Usiku huo sikulala. Nilikaa karibu na jiko, redio ya mkononi mapajani, nikisubiri binti yangu Nozanin aseme neno kutoka korongoni, alikokuwa akiangalia mto. Mvua ilikuwa haijakatika tangu jana, na theluji ya juu inayeyuka. Maji yakija mengi tumeyazoea. Yakipungua ghafla ndipo tunaogopa, maana yake yamezibwa huko juu, na yakifumuka yatashuka na mlima.

Nozanin ndiye anayepima hatari kijijini kwetu. Alifundishwa mjini Khorog, akarudi na makopo ya rangi. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani hawezi kutembea, watoto wanalala upande gani, matope ya zamani yalipita wapi. Kisha akapaka alama mlangoni: kijani kwa nyumba salama, njano kwa ya kuangaliwa, nyekundu kwa iliyo hatarini.

"Nipake kijani, binti, nina mwana wa kuoza!" watu walimtania.

Utani uliisha alipofika kwa mjomba wake, Imomdod, mdogo wangu wa tumbo moja. Nyumba yake iko kwenye mdomo wa korongo. Akaipaka nyekundu. Haukupita muda, wazazi wa mchumba wa mwana wa Imomdod wakavunja uchumba. Walisema hawampeleki binti yao akazikwe na matope. Tangu hapo Imomdod hatusalimii.

Na matope yenyewe hayaji. Kila theluji ikiyeyuka Nozanin huwahamisha watu, wakakesha shuleni kwenye baridi, wakarudi wakimnung'unikia. Binti yangu amekonda. Hata akila, sikio liko nje.

Kulipoanza kupambazuka, redio ikakoroma. "Mama, maji yamekatika. Waamshe."

Niligonga kila nyumba. Watu walitoka wakilaani, wakapanda kuelekea shuleni. Kwa Imomdod mlango haukufunguliwa. Nilikuwa bado nagonga Nozanin aliposhuka, matope hadi kiunoni.

"Mjomba, fungua. Maji yamekatika."

"Hata mwaka jana yalikatika," akajibu kutoka ndani. "Nenda kapake rangi kwa wengine."

"Kuna watoto humo, mjomba."

"Wako na baba yao. Mwanangu mkubwa umeshamwoza kwa mlima, hawa niachie."

Nozanin alijishusha kizingitini, akaegemeza mgongo mlangoni, akafumba macho.

"Inuka, binti yangu," nikamwambia. "Umeshafanya lako."

"Nimechoka, mama. Tukae tu."

Korongo lilikuwa kimya kabisa. Ningemwacha vipi? Nikakaa kando yake.

"Nani kakaa hapo?" Imomdod akauliza.

"Dada yako, na mpwa wako," nikajibu. "Mvua inatupiga."

"Ondokeni, watu wataona!"

"Waone. Waseme Imomdod aliwaacha wageni mlangoni kama mbuzi waliopotea."

Ndani nilimsikia mkewe, Gulbegim. "Baba watoto, hata adui hukaribishwa. Hii ni aibu gani?"

"Nyamaza wewe."

"Sinyamazi. Fungua."

Komeo likasukumwa, Nozanin akanyanyuka kwa kujishikilia ukutani, na mlango ukafunguka. Imomdod alisimama na shati la kulalia, mtoto mdogo begani, macho yake chini.

"Basi ingieni," akasema. "Chai ipo."

Nozanin hakuingia. Alinyoosha mikono ampokee mtoto, ampandishe shuleni.