Vigelegele vya Bruda

Juzi ramani ya kwenye simu ya dereva wa bajaji iliposema "umefika," nilimkumbuka Bruda, mzungu mzee aliyekuwa seremala wa misheni yetu pale Mpanda.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, mama alinituma nikachukue kigoda chetu. Karakana ilinukia mninga, na maranda yalinifika vifundoni. Bruda alikuwa anapiga randa ubao, penseli sikioni.

"Bruda, eti vitani ulikuwa unarusha ndege ya mabomu?"

"Hapana, binti. Alirusha mwenzangu. Mimi nilisoma ramani, nikamwonyesha njia."

Nilimhurumia. Kumbe alikuwa utingo tu!

"Sasa mkifika je?"

"Namwambia, 'Tumefika.' Basi."

Kwetu, lori la kutoka Inyonga likiingia na utingo akapaza sauti "Tumefika!", akina mama walishangilia. Basi na mimi nikampigia Bruda vigelegele virefu, mpaka njiwa wakaruka juu ya bati. Sikujiuliza huko Bruda na mwenzake walikofika waliishi akina nani.

Bruda alisimama, randa mkononi. Kisha akaniambia asante, taratibu, akaendelea kuuranda ubao uliokuwa umeshanyooka kitambo.