Mkunja Miavuli

Nilipoolewa Msambweni, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilijua mume wangu alikuwa askari katika vita vikuu. Nilijitapa nalo hilo, mpaka siku mavyaa aliponiuliza kama najua mwanawe alifanya kazi gani huko Bara Hindi. "Alikunja miavuli!" akasema, akacheka mpaka akashika ubavu.

Aibu gani hiyo! Kisimani mashoga zangu wakapata la kunipokelea: "Mke wa mkunja miavuli, habari za mvua?" Nilipomuuliza mwenyewe, alisema ni kweli. Ila alikuwa amekula kiapo asiseme zaidi. Nami ni domokaya wa kuzaliwa, nikawa namchokoza kila wingu lilipotanda.

Kilichoniudhi hasa ni leso zangu za kujifunga. Kila nilipoanua nguo na kuzikunja, alizikunjua zote, akaanza upya, pindo kwa pindo, akizilaza kwa kiganja na kunong'ona Bismillahi. Leso, jamani!

Asubuhi moja ya masika nilimwambia, "Bwana wee, hata mwavuli wako mmoja ungekataa kufunguka, si mtu angelowa tu?"

Hakucheka. Aliketi kitandani, leso mapajani, akavunja kiapo chake. Haikuwa miavuli ya mvua. Ilikuwa ya watu kurukia kutoka kwenye ndege. Ndege ziliondoka kwa siri, bila taa, zikawaangusha Burma, iliyokuwa mikononi mwa Wajapani, wakawasaidie wenyeji waliokuwa wakipigana mafichoni. Yeye alikunja mwavuli, akamwona mwenye kuuvaa akipanda ndege. Ndege ilirudi bila mtu yule.

"Hakuna aliyewahi kutuambia kama ilifunguka," alisema. "Miaka yote hii, mke wangu, sijui."

Niliona haya, nikalia. Mimi na domo langu!

Kisimani sikusema kitu, maana kiapo sasa kilikuwa cha watu wawili. Walinitania, nikacheka nao. Lakini tangu siku ile leso zote nilimwachia akunje yeye. Na kila asubuhi, kabla sijajifunga moja, niliikung'uta mlangoni kwa nguvu zangu zote, nikampigia ukelele:

"Bwana! Imefunguka!"

"Alhamdulillahi," alijibu kutoka uani, kila siku, na hakuwa anafanya mzaha hata kidogo.