Palizi ya Siku ya Pili

Pombe ile ilikuwa mbaya. Nimelikataa jambo hili kwa muda unaotosha mtoto kuzaliwa na kumaliza chuo, nikilaumu mtama, maji ya kisima, hata sufuria tuliyoazima kwa jirani. Mtama ulikuwa mzuri. Nilimwaga kimea, ule unga wa mtama uliochipushwa, kwenye uji uliokuwa bado unatokota, kwa sababu nilikuwa na basi la mchana la kunirudisha chuoni. Kimea kikiungua hakifanyi kazi tena. Uji haukulegea wala haukupata utamu, na kilichotoka siku chache baadaye kilikuwa kitu kichachu ambacho watu walilazimika kukisukuma kwa kidole ili kitoke kwenye kibuyu.

Kwetu Kongwa palizi si kazi ya mtu mmoja. Mwenye shamba hupika pombe, majirani wanakuja na majembe yao, wanalima mpaka jua linakuwa kali, kisha wanakaa kivulini na kunywa. Hakuna anayeisema pombe vibaya. Wanashukuru, wanaulizia hali ya mifugo, wanaondoka. Siku ya kwanza kila mtu huja kwa kuwa amealikwa. Hukumu ni siku ya pili. Pombe ikiwa nzuri wanarudi kuimalizia, na shamba nalo linakwisha. Ikiwa mbaya, kila mmoja anakuwa na mgonjwa nyumbani.

Mwaka ule kijiji kizima kiliugua. Nusu ya shamba la mama ikamezwa na magugu. Hakunigombeza. Aliniambia tu niendelee na masomo.

Nikaendelea nayo. Nikabaki Dodoma mjini kufundisha chuo, nikawa mtu wa kushika glasi ya mvinyo kwenye hafla na kutafuta neno la kuusifu. Pombe ya mtama niliiandikia makala, ambayo ndiyo njia ya msomi ya kutoipika.

Miaka yote hiyo mama alipika mwenyewe, mpaka bega lake la kulia likagoma kukoroga. Nikamwambia aje tukae wote kwangu mjini, Makole. Nilishamwandalia chumba, na nikamwonyesha picha ya chumba hicho kwenye simu.

"Kizuri," alisema. "Huo ni ukuta?"

"Ni wa jirani. Lakini dirisha ni kubwa."

"Na mbuzi watalala wapi?"

"Mama, Makole hatufugi mbuzi."

Alinirudishia simu. "Basi tufanye hivi. Palizi ya safari hii upike wewe. Watu wakirudi siku ya pili, nabaki kwangu. Wasiporudi, nakuja kuutazama huo ukuta."

Mtu mwenye akili, anayetaka mama yake awe karibu na hospitali, angepika vibaya makusudi. Mimi nilikwenda Chang'ombe, hapo hapo Dodoma, kutafuta fundi wa kuchomelea.

Nilikuwa nimesoma sana, na kusoma huniletea hasara ya aina hii. Fundi aliitoboa sufuria kubwa isiyoshika kutu, akaifungia koki chini, akanitengenezea sahani ya matundu ya kukaa ndani yake ili makapi yabaki juu na pombe itoke chini. Nikaongeza jiko la gesi, bomba la shaba lililoviringishwa la kupitishia maji baridi, na kipimajoto chenye mkia mrefu kama wa ngedere. Nilimwambia fundi kwamba vyote ni vya supu.

"Supu ya nani, dada?"

"Ya kwaya."

"Mna kwaya kubwa," alisema, akavaa miwani yake ya kazi.

Pombe ya majaribio niliipika uani kwangu. Ilitoka safi kiasi kwamba niliweza kuviona vidole vyangu upande wa pili wa glasi, na nilikaa nikivitazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Nikajaza dumu, nikampelekea mama. Aliinua kikombe kwenye mwanga.

"Umeifua?"

"Nimeichuja, mama."

"Chakula chake kiko wapi?"

"Chakula kipi?"

"Mtu ameshika jembe tangu alfajiri, hajatia kitu tumboni. Hii ndiyo anakuja kushibia. Wewe unampa maji ya kunawa. Makapi umempa nani?"

Nilikuwa nimewapa kuku wa jirani.

"Waite hao wakupalilie," alisema.

Nikarudi Chang'ombe na sahani mkononi. Fundi aliigeuza mara mbili. "Dada, ulitaka matundu ya chujio la chai. Haya unayotaka sasa yanapitisha njegere."

"Kwaya inataka supu nzito."

"Niliwadhania watu wa sauti ya kwanza," alisema. "Kumbe besi."

Palizi ilipokaribia niliupakia mtambo wote kwenye gari, nikaupanga uani kwa mama, naye akaketi kwenye kigoda kuusimamia. Uji ukaiva, nikauacha upoe. Safari hii sikuwa na basi. Mimi nilitazama kipimajoto, mama akawa anachovya kidole na kukilamba. Tulisema "bado" mara kadhaa, kila mmoja kwa kipimo chake, kisha tukasema "sasa" karibu pamoja. Mama akakitazama kipimajoto kwa heshima kidogo.

"Kimefundishwa na nani hiki?"

Nikatia kimea, nikakoroga. Haukupita muda mrefu mwiko ukaanza kuwa mwepesi mkononi mwangu. Nilimwangalia mama. Alikuwa anafukuza kuku.

Siku chache baadaye pombe ikawa tayari, na siku ya kwanza ya palizi watu walikuja, kama ilivyotarajiwa. Walilima, wakakaa, wakanywa. Mzee mmoja aliizunguka sufuria, akaifungua koki, akaifunga, akauliza kama inatoa na maziwa. Wakati wa kuondoka alinishika mkono. "Tunashukuru, mwalimu. Mifugo haijambo?"

Maneno hayo nayajua. Mimi sina mifugo.

Jioni ilinibidi nirudi mjini kwa sababu nilikuwa na kipindi asubuhi. Mtambo niliupakia tena kwenye gari, pombe iliyobaki nikaiacha kwenye mapipa. Kesho yake, kabla ya kuingia darasani, nilimpigia mama. Hakupokea. Nilipotoka nikapiga tena, hakupokea. Nikasimama kwenye korido ya chuo nikakipanga upya kile chumba kichwani: kitanda huku, kiti chake kule, mahali ambapo angeweza walau kuona kipande cha anga juu ya ukuta.

Simu ikaita. Ni yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Naona umepigapiga."

"Wamekuja?"

Nyuma yake mwanaume alikuwa anacheka, na mwanamke anauliza kwa sauti kata ya kuchotea pombe iko wapi, nani kaondoka nayo.

"Siwezi kuongea sasa, nina watu," mama alisema. "Kile chumba, weka sufuria yako." Akakata.